Debe Chini ya Ukuta wa Kale

Wiki iliyopita, pale Garsen, niliona lori limebeba mawe ya matumbawe yenye chokaa ya kale, na harufu ya ubani ikanirudia puani.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, shangazi alikuwa akifukiza ubani chini ya ukuta wa mji wa kale, karibu na Kipini, kama wanawake wa kwetu Ozi walivyozoea. Wakaja wanaume wawili na mitaimbo.

"Mama, tupishe. Hili ni gofu tu, tunataka mawe ya kujengea."

"Gofu la nani? Lako?" Shangazi akaegemeza mgongo ukutani, asibanduke.

Mimi nilidhani ukuta ule mnene ulijengwa kuzuia viboko wasiingie mashambani. Kwetu mpunga hulindwa kwa kupiga debe, basi nikaona wakiubomoa, shamba limekwisha. Nikachukua debe letu tupu la maji, nikalipiga kwa jiwe mpaka masikio yakaniuma, mpaka wale wanaume wakatutukana na kuondoka.

Leo najua ukuta ule ulijengwa kuzuia watu.

Pale Garsen nilisimama mbele ya lori. Dereva akapiga honi. Sikuwa na debe, kwa hiyo nikapiga boneti lake.