Njoo na Gunia Lako

Kwa misimu miwili mfululizo, ukiandika kwenye simu "mashine ya kukamua alizeti Dodoma", karakana ya baba yangu kule Kizota ndiyo iliyotokea ya kwanza kabisa. Kazi hiyo niliifanya mimi. Nilikuwa nimesomea kompyuta hapa hapa mjini, nina cheti chenye muhuri, nina chumba cha kupanga kata ya Kikuyu chenye meza na intaneti, na majirani walikuwa wananiita mtaalamu. Nami nilikuwa naitika.

Utaalamu wenyewe ulikuwa huu. Nilichukua orodha ya kata za jiji, nikatengeneza ukurasa mmoja kwa kila kata, maneno yale yale, nikibadilisha jina la kata tu. Mashine ya kukamua alizeti Majengo. Mashine ya kukamua alizeti Kikuyu. Hata mitaa ya waheshimiwa, ambako alizeti hufika ikiwa tayari kwenye chupa, sikuinyima ukurasa wake. Kisha chini kabisa nikaandika jina la mashine mara hamsini kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe, ili msomaji asilione lakini mtambo wa kutafutia ulione.

Siku namwonyesha baba, alivaa miwani, akashuka na kidole mpaka chini.

"Hapa mbona pako wazi?"

"Kuna maneno, baba. Hayaonekani."

"Sasa ya nani, kama hayaonekani?"

Nilicheka kwa upole, kama tunavyowacheka wazee wasiojua mambo ya kisasa. Baba ni mtu wa Kondoa, alikuja Dodoma kijana na mfuko wa tupa na bisibisi, na kila alichonacho amekitengeneza kwa mashine moja ya kereza aliyoinunua ikiwa imeshachoka. Kwenye mashine hiyo anachonga shafti na skrubu za mashine zake za kukamulia. Bila hiyo, karakana yake ni banda lenye meza na vyuma chakavu.

Mtambo wa kutafutia kila mtu anaujua, sina haja ya kuutaja. Mimi nauita Mkubwa, kwa sababu una tabia za mkubwa wa ofisi. Tena ni afadhali wa ofisi. Mji huu umejaa serikali, kwa hiyo waraka tunaujua: una namba, una tarehe, una sahihi ya mtu unayeweza kumlaumu. Mkubwa akibadilisha utaratibu hatoi waraka. Unaamka tu asubuhi unakuta hupo.

Ndivyo nilivyoamka mwaka ule, alizeti ikiwa ndiyo kwanza inatoa maua. Kurasa zangu zote za kata zilikuwa zimezama, na ule wa mbele nilikuja kuukuta mbali sana, nyuma ya muuza vifaranga na nyuma ya mtu aliyekuwa akieleza ndoto za alizeti zina maana gani. Mkubwa alikuwa ameamua kwamba kurasa zinazofanana ni ulaghai, na maneno meupe ni ulaghai mkubwa zaidi. Nilikasirika sana. Inauma kuitwa tapeli na mtu ambaye hamjaonana, hasa akiwa anasema kweli.

Simu ya baba ikanyamaza. Wiki ya kwanza aliisafisha kioo. Wiki ya pili aliniomba niipige nione kama inaita. Mwezi ulipokwisha alinikalisha kwenye boksi la spana, akaniambia bila kupandisha sauti kwamba akifika kwenye mavuno bila mteja, atauza mashine ya kereza na kurudi Kondoa kulima. Mnunuzi alishakuja kuiangalia, akaizunguka, akaipiga alama ya msalaba kwa chaki nyeupe ubavuni, akasema atarudi na gari Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno kuanza. Mimi niliitazama ile chaki nikajua mkono ulioiweka pale ni wangu.

Basi nikaanza kujirekebisha, yaani kuchanganyikiwa kwa utaratibu. Nilihudhuria semina ya mtandaoni ambako kijana mmoja mwenye taa nzuri usoni alisema siku hizi Mkubwa anapenda ukurasa mwepesi. Nikafuta picha zote za mashine. Semina iliyofuata ikasema anapenda maelezo marefu. Nikaiambia programu ya kompyuta iniandikie, nayo ikaniandikia: "Katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi, alizeti ni zaidi ya mbegu." Ikaendelea hivyo kwa kurasa kumi na mbili, bila kusema hata mara moja mbegu inaingilia wapi. Nikaona ni nzuri. Nikaibandika.

Mkubwa akabadilisha tena. Sasa alikuwa hataki maneno ya programu. Anataka, kwa tafsiri yangu, mtu aliyeifanya kazi kwa mikono yake aeleze anachokijua. Nilisoma hayo nikiwa nimekaa karakanani, nikasema kwa sauti: "Sasa mtu kama huyo nitamtoa wapi?"

Mita mbili kutoka kwangu, baba alikuwa kwenye simu. Mtu alikosea namba, alikuwa anamtafuta fundi wa pampu huko Chamwino, lakini baba alishamuuliza analima nini, na mtu yule kwa bahati mbaya alisema alizeti. Ilikuwa dakika ya ishirini. "Usiikamue kabla haijakauka," baba alikuwa anasema. "Chukua punje, iume. Ikivunjika kwa mlio, sawa. Ikibonyea, kaanike tena." Tabia hii ya kumhoji kila anayepiga simu kama anaoa kwake ilikuwa imenichosha miaka yote. Kwenye ukurasa niliwahi kuandika kwa herufi kubwa "TUMA UJUMBE TU", ili kuwaokoa wateja.

Nikachukua daftari, na nikaona haya.

Kwa siku nane nilimuuliza, naye akajibu. Kwa nini mafuta yanatoka meusi. Kwa nini mashudu yanabaki na mafuta ndani. Skrubu ikilika unaijuaje. Nikayaandika kama alivyoyasema, pamoja na ukali wake. Alikuwa na sharti moja tu, kwamba mstari wa kwanza uwe huu: "Usinunue mashine, kwangu wala kwa mwingine, kabla hujaiona ikikamua gunia lako mwenyewe." Ndiyo desturi yake toka zamani. Mteja anakuja na gunia, linakamuliwa mbele yake, akiridhika wanazungumza, asiporidhika anaondoka na mafuta yake na mashudu yake. Mstari ule alikuwa ameuomba mara tatu huko nyuma, na mara tatu niliufuta, kwa sababu niliona unafukuza watu. Safari hii niliuacha. Ningependa kusema nilipata busara, lakini nilikuwa nimechoka.

Ukurasa ukaanza kupanda. Ukampita mtafsiri wa ndoto, ukampita muuza vifaranga, na wiki mavuno yalipoanza ukawa wa pili. Nilipiga vigelegele peke yangu chumbani.

Siku mbili baadaye Mkubwa akaleta jambo jipya. Mtu akiuliza swali, anajibiwa juu kabisa, kwa aya moja, kabla ya orodha yoyote. Nikauliza kuhusu alizeti. Nikajibiwa: iume punje, ikivunjika kwa mlio imekauka, usinunue mashine kabla hujaiona ikikamua gunia lako mwenyewe. Maneno ya baba, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu aliyeyagundua jana. Jina la karakana halikuwepo. Mtu akishapewa jibu la bure, afungue ukurasa wetu atafute nini? Nikaangalia takwimu za wageni, walikuwa wamekatika. Mkubwa aliyeniita tapeli kwa kunakili kata alikuwa amemnakili baba yangu.

Nikaenda Kizota nikamweleza. Nililia, sina sababu ya kuficha. Baba aliuliza kitu kimoja tu: "Wamekosea mahali?"

"Hapana. Wameandika kama ulivyosema."

"Basi watu hawatakamua mbichi," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Ilikuwa Jumanne. Jumamosi mnunuzi angekuja na gari.

Siku hiyo hiyo, baada ya adhuhuri, guta la magurudumu matatu likasimama mlangoni. Juu yake mama mmoja, mkulima kutoka upande wa Kongwa, amekaa juu ya gunia la alizeti. Alionekana kushikwa na hasira za muda mrefu.

"Shikamoo, mzee. Na wewe utanifukuza?"

"Marahaba, mama. Nikufukuze kwa lipi?"

Akasema ameuliza simu, simu ikamwambia asinunue mashine kabla ya kuiona ikikamua gunia lake. Hakujua aliyesema ni nani. Alibeba gunia akaja Kizota, akazungukia karakana moja baada ya nyingine, na kila mahali wakamwambia alipe kwanza, akamulie kwake. Wa mwisho alimcheka, akamwambia: kuna mzee mmoja kule mwisho mwenye masharti hayo ya ajabu, nenda kamsumbue yeye.

Nikakimbia kuwasha mashine. Baba akafungua gunia, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa punje ya chini kabisa, akaiuma. Akatafuna. Akatazama juu.

"Mama, hii mbichi. Karudi ukaanike siku tatu."

"Baba!" nikasema.

"Jua la sasa, siku tatu zinatosha. Ya juu imekauka, ya chini bado."

Nilimvuta pembeni. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake: kwamba huyu ndiye mteja pekee wa msimu mzima, kwamba mashine ingekamua tu, mbaya au nzuri, kwamba anauza kereza kwa ukaidi wake mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamsaidia yule mama kupandisha gunia kwenye guta. Mama aliondoka bila kuaga vizuri, na mimi nilirudi Kikuyu nikiwa simsemeshi baba.

Jumamosi nilikwenda kwa sababu sikutaka awe peke yake. Nilimkuta ameshaifuta kereza vumbi, ameipaka grisi, kama mtu anayemwandaa msafiri. Chaki aliizungukia, hakuigusa. Tulikunywa chai.

Saa nne likaja guta, na nyuma yake la pili. Mama yule yule, safari hii na wanawake watano wa kikundi chao na magunia matatu. Hakusalimia. Alichukua punje, akaiweka mezani mbele ya baba, akasema, "Iume."

Baba akaiuma. Ilivunjika kwa mlio nikausikia mimi niliyekuwa mlangoni.

Tulikamua magunia yote matatu. Mafuta yalitoka safi, ya rangi ya dhahabu, na wanawake wale waliyaonja kwa vidole, wakatazamana, wakasema kwa Kigogo jambo ambalo sikulielewa lakini niliona lilivyowafurahisha. Kikundi kilitaka mashine moja, na jirani zao wa kijiji cha pili walikuwa wametuma salamu kwamba wanataka yao. Mashine mbili ni skrubu mbili na shafti mbili, na hizo hazichongwi kwa mikono mitupu.

Mnunuzi alipofika na gari lake, baba alimkaribisha chai. Akanywa, akaelezwa, akaondoka amenuna.

Nilikuwa nasubiri baba aniambie kitu. Aniambie pole, au aniambie unaona. Alichukua tambara lenye mafuta, akanirushia, akaonyesha kwa kidevu ubavu wa kereza.

"Lile la kuchukua punje ya chini, na siku tatu za jua," akasema, "umeliandika?"

Sikuwa nimeliandika. Nilifuta chaki kwanza.