Kutu Aliyoitaja Fundi

Habari ya kifo chake niliipata Jumatatu asubuhi kutoka kwa muuza kahawa, na jambo la kwanza nililofanya ni kukataa kuiamini. Wasomaji wangu mnanijua. Mtu nisiyemzoea akiniamkia kwa bashasha, najiuliza ana haja gani. Basi nikamhoji muuza kahawa amesikia kwa nani, na huyo naye alisikia kwa nani, hata yule maskini akachukua dele lake la kahawa akaenda zake. Mwishowe nikavaa viatu nikatoka Mji wa Kale hadi Majengo kuhakikisha kwa macho yangu. Nikakuta viti vimepangwa nje ya nyumba yake, na jamaa zake wa bara wakishauriana jinsi ya kumsafirisha kwao kwa treni. Alikuwa fundi wa redio na mashine za kukuza sauti. Hatukuwa marafiki; kwa miaka kadhaa nilikuwa nikimwona kwa mbali navuka barabara nisikutane naye, na leo nataka kusema sababu.

Kabla ya kuandika magazetini, riziki yangu ilikuwa kutangaza kwenye gari. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na kila mtu mjini alikuwa na jambo la kutangaza: mechi, mkutano, sinema mpya, Maulidi ya mtaa fulani. Tajiri wetu alikuwa na gari dogo la mizigo lenye spika mbili za pembe juu ya paa, na mashine ya kukuza sauti nyuma. Marehemu ndiye aliyeifunga mashine hiyo, na kwa muda mrefu ilisema vizuri kabisa. Kisha, wiki moja ya Maulidi, likaanza jambo la ajabu. Tulikuwa tukitangaza mji mzima bila tatizo, lakini tukifika kwenye kona moja ya kwenda Bondeni, pembe zinanguruma na kukatakata maneno yangu. Kwenye kona hiyo palikuwa na nyumba ya mzee mmoja mwenye heshima zake, ambaye kila alasiri huketi barazani na wenzake. Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili mwenye nyumba hakucheka, kwa sababu yeye na tajiri wetu walikuwa hawasemezani tangu mzozo wa kamati ya msikiti. Siku ya tatu akasimama mbele ya gari.

"Nimewatendani nyinyi," akasema, "hata kila mukifika mlangoni kwangu mwaningurumia?"

Ningeweza kusema sijui. Badala yake nikamwambia mashine ni kazi ya fundi, amuulize fundi. Na kwa kuwa watu walikuwa wamekusanyika na ulimi wangu umeshapata moto, nikaongeza kwamba juzi nilimwona fundi huyo Majengo akinong'ona na dereva wa gari la matangazo la wapinzani wetu. Kumwona nilimwona kweli. Kunong'ona nilikuongeza mimi. Kushuku, nilishuku kwa dhati: mtu wa bara, Mkristo, peke yake miongoni mwetu, ana funguo za mashine yetu, mbona asihongwe kutuharibia? Siku zile maneno ya nani wa pwani na nani wa bara yalikuwa midomoni mwa watu, na jambo dogo kama langu halikuhitaji kusukumwa. Kufikia jioni lilikuwa limeshaingia kila duka. Kesho yake wenye maduka wawili walienda kuchukua redio zao kwake kabla hazijatengenezwa, na tajiri wetu akaapa kwamba fundi asipojitetea hatafanya kazi tena Mji wa Kale.

Alikuja mwenyewe, bila kuitwa, na mfuko wake wa vifaa. Akaomba gari lisimamishwe pale pale konani na mwenye nyumba aje karibu aone. Akaniambia nitangaze injini ikiwa imezimwa. Sauti ikatoka safi. Injini ikawashwa, sauti safi. Kisha akamwambia dereva akanyage breki, na pembe zikanguruma. Akamweka mzee nyuma ya gari atazame taa za breki, na kila zilipowaka zilikuwa hafifu kama mshumaa, na ngurumo ikaja pamoja nazo. Tukalipeleka gari mtaa wa pili, mbele ya nyumba ya mtu mwingine kabisa, breki ikakanyagwa, likanguruma vile vile. Ndipo tukaelewa kwamba kwingineko nilikuwa nikitangaza gari likienda, bali kona ile ni finyu, baraza limetokeza njiani, na dereva alikuwa akipita na mguu wake juu ya breki.

"Mzee," akasema, "gari halijui mlango wako. Linajua breki tu."

Akatueleza kwamba mashine na taa za nyuma zilikuwa zikitumia waya mmoja wa ardhi, ule unaofungwa kwenye bati la gari ili umeme upate njia ya kurudi kwenye betri. Bolti yake ikiwa haishiki vizuri, umeme wa taa unaigombania njia na sauti, na sauti ndiyo inayoumia. Akainama nyuma ya gari kuifungua bolti hiyo, nami nikainama pamoja naye, maana sikutaka afanye ujanja nisiouona. Bolti ikatoka. Chini yake palikuwa na rangi ya kijani, mpya. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimejitolea kulipendezesha gari kwa ajili ya Maulidi. Niliifungua bolti ile kwa mkono wangu, nikapaka rangi bati lote, nikairudisha juu ya rangi. Fundi aliitazama rangi. Akatazama makubadhi miguuni mwangu, ambayo yalikuwa na matone yake. Halafu akaifunika kwa kidole gumba mzee asiione, akachukua msasa, akaanza kusugua.

"Ni kutu, mzee," akasema bila kuinua kichwa. "Chumvi ya bahari hii."

Akaivutia mashine waya wake wa peke yake hadi kwenye betri, ngurumo ikaisha, mwenye nyumba akaagiza kahawa. Mimi sikuinywa kwa raha. Badala ya kushukuru, nilianza kumshuku upya: amenifichia ili anidai nini? Miezi ikapita nikingoja aje kuomba fadhila. Hakuja. Siku moja tulikutana mtaa wa Buxton, akaniuliza koo langu la kutangazia linaendeleaje, nikamjibu kwa mkato nikaenda zangu. Na zile redio mbili hazikurudi kwake, wala nyingine nyingi, kwa sababu kutu ilijibu swali la ngurumo, haikujibu lile la mnong'ono. Hilo ni mimi peke yangu niliyeweza kulifuta, nami sikulifuta. Akaishia kutengeneza redio za majirani zake wa Majengo. Na yule dereva wa wapinzani, nimeambiwa Jumatatu hiyo hiyo na mjane wa fundi, alikuwa shemeji wa marehemu.

Pale matangani nilimkuta pia yule mzee wa kona, amekuja na mkongojo wake kutoa pole. Nikakaa karibu naye. Akaniinamia.

"Yule alinambia ni kutu," akasema, "nami nikamwitikia. Lakini gari lenu lilikuwa lanuka rangi, mwanangu. Miaka yote hii nalikungoja useme."

Maisha yangu yote nimekuwa nikichungulia mikono ya watu wengine kuona wameficha nini, na nimewafundisha wasomaji wangu kufanya hivyo hivyo, nikijiona mwerevu. Aliyestahili kuchunguzwa siku ile alikuwa ameinama pale pale, na matone kwenye makubadhi. Fundi hawezi tena kunisikia, lakini walioziondoa redio zao bado wapo, na wengine wanalisoma gazeti hili. Basi wasikie kwangu. Hakunong'ona na mtu. Wala haikuwa kutu. Ilikuwa rangi, na niliipaka mimi.