Jeki Alipolikagua Gari la Baba

Gereji walimwita Jeki kwa sababu ya mabega yake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akinyoosha bodi za magari ya watu, lakini gari la baba yake mwenyewe hakuwahi kuligusa tangu ajali.

Lilikaa uani kwa mama miaka tisa chini ya turubai, gari la zamani lenye mabawa ya mviringo na usukani mwembamba mweupe. Sasa kaka yake mkubwa alikuwa anamwoza binti yake, na alitaka bibi harusi ashuke kutoka kwenye gari la babu.

"Njoo ulikague tu, mdogo wangu," alisema kwenye simu. "Halipungukiwi kitu. Rangi na betri, basi."

Jeki alikuja Jumamosi asubuhi na daftari, tochi na sumaku. Kabla ya chai ukurasa ulikuwa umejaa. Taa za mbele hazipo. Bampa la nyuma halipo. Kabureta mama alidhani iko kwenye kopo la maziwa. Kopo lilipofunguliwa likatoa vifungo vya nguo. Mlango wa kushoto ulikuwa umetumika kuziba banda la kuku. Sumaku ilipopitishwa chini ya milango haikushika popote: ilikuwa puti tupu, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bodi, chuma kilishaliwa na kutu.

"Halipungukiwi kitu," Jeki alimwigiza kaka yake.

"Wewe nawe, kila kitu unakuza," alisema kaka, amesimama kivulini na kikombe chake.

Jeki akaliinua mbele, akalikalisha kwenye magogo, akajilaza chini. Alikaa huko muda mrefu. Chuma cha usukani kinachogeuza gurudumu la kulia kilikuwa kinaning'inia, hakijashika kitu. Nati yake haikuwepo. Kwenye tundu la pini, ile pini ndogo inayozuia nati isijifungue, kulikuwa na kipande cha waya wa uzio, kimekatika.

Siku alipogonga ukuta wa shule, baba alisema usukani ulimlegea mikononi. Hakuna aliyemsadiki. Kaka alisema macho ya mzee yamekwisha, akachukua funguo. Jeki mwenyewe, fundi mzima, alimwambia baba apumzike. Mzee akapumzika barazani miaka minne, akingoja kupelekwa kila mahali kama mzigo, mpaka alipofariki.

Akatoka chini ya gari na ule waya kiganjani.

"Nani aliufunga huu?"

"Huo nini?"

"Kaka, usinichezee. Nani alitengeneza usukani kabla ya ajali?"

Kaka akatazama chai yake. "Ilikuwa Jumapili. Maduka yamefungwa. Nikasema pini nitanunua kesho yake."

"Na baada ya ajali, ulipoliona gurudumu limelala upande?"

Kaka akamwaga chini chai iliyobaki.

"Ulijua!" Kuku walitawanyika. "Ulimnyang'anya mzee funguo, na ulijua!"

"Ningesema nini? Lilishatokea. Hakuna aliyekufa."

Jeki alikuwa na spana mkononi. Aliitupa mbali, ng'ambo ya banda, maana aliuogopa mkono wake.

"Ingia ndani umwambie mama. Usipokwenda wewe nakwenda mimi, na mimi sipunguzi neno."

Kaka alikwenda. Kupitia dirisha la jikoni Jeki alisikia sauti ya kaka, ndogo, ikikatikakatika. Ya mama hakuisikia kabisa. Kisha mama akatoka pekupeku, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Nilimwita kipofu," alisema. "Mbele ya wageni." Akamgeukia mwanawe wa kwanza, aliyekuwa amemfuata nje. "Harusini nitakuja kwa ajili ya mjukuu wangu. Wewe usinisemeshe."

Nusu ya hasira ya Jeki ilikuwa juu yake mwenyewe: alishalala chini ya magari ya watu asiowajua, kwa baba yake hakupiga hata goti.

Bibi harusi alipanda gari la kukodi. Jumatatu iliyofuata Jeki alilipakia gari la baba kwenye lori, akalipeleka gereji kumalizia ukaguzi. Ulijaza kurasa saba. Kaka alituma watu wawili kumwombea msamaha. Wote waliambiwa fundi ana kazi. Wiki ile Jeki alipiga nyundo kwa kishindo hata wenzake wakaenda kulia chakula chao nje.