Vanishi Juu ya Shaba

Fundi wa hospitali waliyempachika jina la Kioo hakuwahi kupatana na kitu kilichofubaa. Nyumbani kwake ungeweza kunyoa ndevu kwa kujitazama kwenye sufuria, na mkewe alishazoea kunyang'anywa kijiko kabla hajamaliza kula.

Ugonjwa wa virusi ulipopamba moto, wadi ya wagonjwa hao ilibadilishiwa vishikio vya milango. Vya chuma vikang'olewa, vikaja vya shaba nyekundu, kwa ushauri wa mwanamama mmoja mtaalamu wa metali. Kioo alivifunga mwenyewe, roho kwatu. Binti yake wa pekee alikuwa nesi wa wadi hiyohiyo, na tangu maradhi yaanze alihamia bweni la manesi, asije akawapelekea wazazi balaa.

Haukupita muda, viganja vya watu vikavigeuza vile vishikio rangi ya chai kavu. Kioo akaona haya, utadhani ni yeye aliyeacha kuoga. Akachukua brashi, akavipaka vyote vanishi, akarudia tena. Vikawaka! Akawa anapita pale hata asipokuwa na shughuli.

Mtaalamu alipokuja kukagua, alikigusa kishikio cha kwanza, akakunja uso.

"Nani kapaka hivi?"

"Si mimi hapa!" Kioo akajibu, kifua mbele.

"Mzee wangu, umevivalisha koti la mvua. Virusi vikitua kwenye shaba yenyewe, inaviua taratibu. Sasa vinatua kwenye vanishi, vinajipumzikia. Na kule kufubaa hakuna neno, shaba inafanya kazi vilevile."

Kioo akakitazama kile kishikio. Aliogopa, tena aliogopa kweli, maana vidole alivyoviona akilini vikishika ile vanishi vilikuwa vya mwanawe. Akampigia simu papo hapo.

"Baba, mikono si nanawa? Mimi mzima. Punguza presha."

Hakupunguza. Alishika msasa akakwangua mlango kwa mlango, vumbi likimjaa puani, na yule mtaalamu akakunja mikono ya shati akasugua naye. Vishikio vikarudi kuwa shaba tupu, kisha vikaanza kufubaa upya. Kioo kila alipopita alitia mikono mfukoni, kwa sababu hakuiamini, isije ikavisugua tena.

Wagonjwa walipopungua, binti akaruhusiwa kurudi nyumbani. Baba alimpokea barabarani, akambebea begi. Mlango wa mbele ulikuwa na kishikio kipya cha shaba. Binti, kwa mazoea ya wadini, akapeleka kiwiko.

"Shika kwa kiganja, mwanangu," baba akasema nyuma yake. "Sabuni utaikuta ndani."

Binti akacheka, akashika, akaingia. Alama za vidole vyake zikabaki pale kwenye shaba, zote zinaonekana. Mama mtu alikuwa keshafika mlangoni na kitambaa, maana nyumba hiyo anaijua.

"Acha," Kioo akamwambia. "Usizifute."