Ngiri Niliyemwona kwa Darubini ya Sitini

Nakumbuka alasiri moja porini, ng'ambo ya Kasomeno, majira ya moshi, mkono wangu ulipogonga bega la mjomba, na muda mfupi baadaye nikawa natamani usingekuwa wangu.

Usicheke nikikuita mwanangu. Najua nina miaka kumi na saba, bado naketi kwenye benchi la shule, na mwalimu wa hesabu akiniona anapangusa uso. Lakini wewe una kumi na miwili, umeambiwa msimu ujao utabeba macho, na tangu juzi unatusumbua mtaa mzima wa Bel-Air na habari za darubini. Kwako mimi ni mzee. Kaa chini, nyamaza, na acha kuchokonoa pua.

Mjomba Kabange unamjua, kaka yake mama, yule fundi wa reli. Bunduki yake ina karatasi na anawinda msimu ukifunguliwa tu. Yeye hushika bunduki, mtu mwingine hubeba macho, yaani darubini ndefu ya kusimamisha kwenye miguu mitatu. Macho ya zamani alikuwa mtoto wake mkubwa. Huyo alipokwenda Kolwezi kutafuta kazi, kazi ikaniangukia mimi. Na mjomba, Mungu amsamehe, akaniachia nichague darubini mwenyewe.

Mule dukani katikati ya mji, muuzaji alikuwa mtu wa Kivu, mpole sana. Aliweka mbili mezani. Moja fupi, nene, kioo chake cha mbele kipana kama sahani ya chai. Nyingine ndefu, nyembamba, nzuri kama bunduki ya sinema.

"Kamata hii fupi, mudogo wangu," akasema. "Iko na kioo kikubwa. Mangaribi, jua ikizama, inaona muzuri."

"Inafika ngapi kwa kuvuta?"

"Makumi tatu."

"Na ile ndefu?"

"Sitini. Lakini..."

"Leta sitini."

Hiyo "lakini" yake naisikia hadi leo. Nilitoka nayo barabarani saa sita, jua la utosi, nikasoma bei za rangi kwenye ukuta wa duka la mbali. Nikajiona mfalme. Nani huwinda saa sita mchana kwenye lami? Sikujiuliza.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana ndiyo iliyonitia hofu. Mwenye macho hasemi. Akiona nyama, anagonga bega la mwenye bunduki mara moja, basi. Akishagonga, hakuna neno tena, kwa sababu sauti inakimbiza nyama. Anayegonga kisha akafungua mdomo habebi macho tena maishani, na watu wa nyumbani watamcheka mpaka kwenye ndoa yake.

Tulilala juu ya kichuguu kikubwa, mbele yetu bonde lenye nyasi na maji kidogo. Ilikuwa saa kumi na moja. Watu walikuwa wamechoma majani, moshi umetanda, na joto la ardhi lilikuwa bado linapanda. Mimi nikazungusha pete ya kuvutia moja kwa moja hadi sitini. Kwa nini nianzie chini wakati nimenunua juu?

Niliona kipande kidogo kama mdomo wa kikombe, chenye giza, kinatetemeka. Ndani yake mgongo wa rangi ya udongo. Unainama, unainuka, vumbi linaruka. Ngiri anapiga magoti akichimba mizizi, hilo kila mtoto wa hapa analijua. Nikaona magoti. Mwanangu, naapa niliyaona, na hayakuwepo.

Nikagonga bega.

Mjomba akaweka shavu kwenye bunduki. Kutoka pale, kwa macho yake, angeweza kuona mgongo tu katika moshi. Mengine aliniamini mimi.

Nikarudi kwenye darubini kutafuta kama ngiri wangu ana wenzake. Kwa kutafuta nikarudisha pete chini, hadi ishirini. Mwanga ukaingia, bonde likapanuka, na karibu na ngiri nikaona bidon ya njano, dumu la kutekea maji.

Ngiri hana bidon.

Unajua nilifanya nini? Hutapenda. Nilinyamaza. Nikajiambia labda wachoma mkaa waliisahau pale. Nikaona sura za wote watakaonicheka. Mjomba alivuta pumzi, akaishika ndani. Hiyo ndiyo pumzi ya mwisho kabla ya risasi, naijua. Na mimi nilikuwa naogopa kuchekwa!

Sijui nani alinifungua mdomo.

"Muntu! Mujomba, ni muntu!"

Mdomo wa bunduki ukaruka juu. Haikulia. Mjomba akatoa risasi, ikamponyoka mikononi ikaanguka kwenye nyasi. Kule bondeni mgongo ukanyooka, ukawa mama mwenye jembe, gunia la kahawia limefungwa mgongoni. Alikuwa anachimba kikanda, vile viazi vidogo tunavyovila na karanga.

"Ni banani pale?" akaita, asijue sisi ni akina nani.

Mjomba angeweza kumsalimia tukaenda zetu. Hakufanya hivyo. Alishuka, akavua kofia, akamwambia yote. Yule mama akakaa chini polepole kama mgonjwa.

"Niko na batoto bane ku nyumba," akasema. Kisha akaniita kwa kidole. "Weye njo ulisema miye ni ngiri?"

"Ndiyo, mama."

"Kuya karibu. Niangalie. Bila kile kioo."

Nilimwangalia. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi na udongo kwenye kope. Alinishikilia hapo kwa macho mpaka nikalia, mimi ninayejua kumchekesha hata padri.

Njiani nilimsimulia mjomba nilivyoiona bidon, naye aliuliza jambo moja tu.

"Uliona bidon, ukasema palepale?"

"Palepale."

"Uongo."

"Nilingoja kidogo."

"Juu ya nini?"

"Niliona haya, mujomba."

"Njo ile haya ingemuua. Hapana kioo."

Basi chukua hili. Usiulize darubini inafika ngapi. Uliza kioo cha mbele kina upana gani. Ijaribu jioni, nje ya duka, mwanga ukiwa unakufa, na muuzaji akikataa, nenda kwingine. Tikisa ile miguu mitatu. Ikicheza, na wewe utaona vitu vinavyocheza. Porini anzia namba ya chini, zunguka mahali pote, ndipo upande. Usigonge bega mpaka uone kichwa, miguu, na kilicho nyuma yake. Na ukishagonga ukapata shaka, hata ndogo kama chawa, piga kelele. Acha nyama ikimbie, acha tukucheke mwaka mzima. Mimi nitakuwa wa kwanza kukucheka, na nitakuwa nakushukuru.

Uende salama, mwanangu, na Mungu akulinde na haya ya kuchekwa. Na kila utakayemkuta porini, jioni awe kwao, anakula na watoto wake.