Nilijiandika Namba Moja, Salim Nikamtupa Namba Sita

Nimekosa. Sitasema niliteleza, wala sitamsingizia shetani. Nilikosa kwa akili zangu timamu, kalamu mkononi, saa tatu asubuhi.

Mimi ni mtu wa makamo, mzaliwa wa Mji wa Kale. Ujanani nilikuwa mfunguaji wa klabu yetu ya kriketi, yule anayeingia wa kwanza na gongo kuukabili mpira ungali mpya na mgumu, unakurukia usoni. Kisha miguu ikaniwasha. Tanga, Unguja, Maskati, sikutulia popote. Na kila nilikokwenda niliwachosha watu kwa hadithi za kile kiwanja chetu.

Niliporudi nikakuta mahali pangu pana mtu. Salim, muuza leso wa Biashara Street, miaka ishirini na minne. Subira yake, jamani! Mpira mbaya anauacha upite kama hawajuani. Nilimpenda, wallahi. Nikamwonea na wivu.

Basi wakaja wateuzi wa timu ya taifa kutazama mechi moja tu, mipira mia na ishirini kila upande. Na wateuzi wenyewe sasa! Mmoja alijichimbia chini ya mwavuli na sahani ya viazi vya karai. Mwingine akauliza sisi ndio tuliovaa kofia gani. Hao ndio wanaotupangia wapigaji wa nchi nzima, halafu tunashangaa tukichapwa!

Klabuni kwetu tuna desturi: mkubwa kwa umri ndiye hushika karatasi ya kupanga wapigaji. Siku hiyo mkubwa nilikuwa mimi. Nikaandika: namba moja, mimi. Namba mbili, swahibu yangu Badi, na tumbo lake. Salim, namba sita.

"Ami, si mimi hufungua?" akauliza.

"Leo tulia. Wakubwa kwanza."

Hakubisha. Angenitukana ningeamka!

Nikaingia nikijiona nina miaka ishirini. Mipira arobaini nikaimaliza kwa mikimbio tisa! Badi naye alihema kama pampu ya baiskeli. Watu wakapiga kelele, "Mzee, toka utupishe!" Mimi nilidhani wananishangilia.

Salim alipoingia imebaki mipira mitano. Mtu wa subira unampa mipira mitano! Ikambidi arushe gongo ovyo. Mpira wa pili ukapaa, ukadakwa, naye akawa ametoka.

Mteuzi wa viazi akanijia, anafuta vidole, kwa ile karatasi akanidhani nahodha. "Nahodha, huyu wa sita ndipo mahali pake?"

Hapo ndipo ningesema kweli. Neno moja tu, "Hapana." Lakini ningekiri nimemsukuma chini ili nijifurahishe. Nikajibu, "Ndipo pake. Hana subira ya kufungua."

Salim alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, ameinama anafungua pedi za miguu. Alisikia kila neno.

Orodha ikatoka, Salim hayumo. Akalifunga gongo kwenye leso kuukuu, akalitupa juu ya rafu dukani. Kiwanjani hakukanyaga tena.

Na mimi? Sikuona haya! Mwezi uliopita timu ya taifa ikaanguka vibaya, wapigaji wanatoka mmoja baada ya mwingine kama wameitwa chakula. Barazani wakaniambia, "Haya bingwa, tueleze." Nikavimba. "Wateuzi wajinga! Mfunguaji wanamtia wa sita, asiyejua kufungua ndiye wanamtanguliza!"

Sauti ikatoka nyuma yangu. "Endelea, ami. Waeleze na wa sita huwa anahisi vipi."

Alikuwa Salim, na kikombe cha kahawa mkononi. Badi akajifanya anatafuta kiatu.

Kesho yake nikaenda dukani. Nikamwomba radhi, nikamwambia nitawaandikia wateuzi kweli yote. Alikuwa akimkatia mteja doti ya leso, hakuinua macho.

"Waandikie," akasema. "Anza na jina lako, ami. Si ndivyo ulivyozoea?"

Mteja akacheka, hajui anacheka nini. Mimi nikatoka, nikaenda moja kwa moja kununua karatasi.

Barua nimeipeleka, jina langu juu kabisa. Jibu sijapata. Gongo la Salim bado liko rafuni, nalipita kila siku naliona. Ananiitikia salamu, basi. Kuniita ami ameacha.

Wateuzi wale ni wajinga, hilo silifuti. Ila siku ile waliuliza swali la maana, na aliyewajibu uongo ni mimi.

Nanyi wenzangu mnaopewa kalamu kwa sababu ya mvi, nawasihi: ujana wenu usimuliwe barazani, usiandikwe kwenye karatasi ya timu. Mtu yuko chini ya orodha anahesabu mipira iliyobaki!