Barua Nilizomwandikia Baba

Nilipokuwa kuruta jeshini, mwishoni mwa miaka ya sitini, nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na nilijiona nina mengi ya kuwafundisha watu wa nyumbani. Kila Jumapili, wenzangu wakifua nguo, mimi nilikaa kitandani nikimwandikia Baba. Sikumwambia kwamba wiki ya kwanza nililia kwa malengelenge ya miguu, wala kwamba afande wetu aliniita gunia la omena, wale dagaa wa ziwani kwetu. Nilimwandikia: "Baba, usingizi ni adui wa maendeleo. Mtu mwenye nia hasubiri jua limkute kitandani. Mimi nitakuwa afisa."

Baba hakujua kusoma. Dada yangu mdogo ndiye aliyemsomea, na Baba akazipenda barua hizo kupita kiasi. Alizipeleka kanisani zikasomwa baada ya matangazo. Wavuvi wa Dunga, ufuko wa karibu na kwetu, walisomewa wakishusha samaki, watake wasitake.

Hayo yote sikuyajua mpaka nilipopata likizo ya siku kumi. Nilishuka gari la moshi Kisumu nikiwa na mpango mmoja tu: kulala.

Asubuhi ya kwanza, kabla hata jogoo hajawika, nikavutwa blanketi. Baba alikuwa amesimama na majembe mawili.

"Afisa, amka."

"Baba, niko likizo."

"Si ulisema mwenye nia hasubiri jua?"

"Niliandika, lakini..."

"Dada yako amezikariri zote. Nimwite?"

Nikaamka. Njiani tukakutana na jirani amebeba nyavu. Alinitazama vibaya. "Kumbe ni wewe unayeandika! Bibi yangu siku hizi ananitoa kitandani saa kumi alfajiri."

Siku ya nne mgongo ulikataa. Nikakaa chini katikati ya mtama, nikamwambia Baba ukweli: malengelenge, machozi, afande na gunia lake. Nilidhani atavunjika moyo. Alicheka hadi akaegemea jembe asianguke, kisha akaketi kando yangu.

"Wuoda, mwanangu," akasema, "tangu barua zianze sijalala vizuri. Nilikuwa naogopa utarudi unikute kitandani."

Tulirudi nyumbani mapema. Mama akauliza kama majembe yamevunjika. Baba akamjibu, bila kupepesa macho, kwamba jeshini kuna siku ya mapumziko, nayo ndiyo hiyo.